code-server, Remote-SSH, Codespaces au tmux tu: uchague ipi ukiwa huku mwisho wa reli

Kuna swali vijana wanaojifunza programu hapa Kigoma wananiuliza karibu kila wiki: kaka, nimelipia seva huko nje, nataka niandike kodi humo humo, nitumie nini? Na wengi wakiuliza hivyo wameshajijibu tayari, wameona mtu kafungua VS Code, kieditori cha kodi cha Microsoft, ndani ya brauza, imependeza, na wao wanataka. Mimi nawaambia subiri kwanza. Njia ziko nne, zote tumezitumia mimi na wenzangu watatu kwenye kachumba ketu hapa Mwanga, tunatengeneza mfumo wa stoku na madeni kwa mama mmoja anayenunua dagaa na migebuka kule Kibirizi, na kila njia imetufaa kwa jambo fulani na kututesa kwa jambo lingine.

Jibu la haraka nalitoa mapema. Kama una laptopu yako mwenyewe yenye nguvu ya kutosha, chukua Remote-SSH, usijisumbue. Kama kazi unafanyia kwenye tableti, kompyuta ya kuazima au mashine ya zamani inayohema ukifungua programu mbili, chukua code-server, ila ujue umejitwisha mtoto wa kulea. Kama hutaki kulea seva, Codespaces. Na tmux ujifunze tu hata ukichagua hizo nyingine, nitaeleza kwa nini.

Tuelewane kwanza ni vitu gani hivi

code-server ni programu ya bure, ya chanzo huria, ya kampuni ya Coder, ipo tangu 2019. Inaiwasha VS Code kule kwenye seva, wewe unaifungua kwa brauza kama unavyofungua ukurasa wowote. Faili, terminali (pale pa kuandikia amri), git (inayotunza historia ya kodi), vyote viko kule, kwako una kioo na kibodi tu. Ana ndugu yake anaitwa openvscode-server, aliyetengenezwa na Gitpod, wanafanana sana, kwa hiyo mengi nitakayosema yanamhusu na yeye.

Remote-SSH ni ekstensheni, yaani nyongeza ya VS Code, ya Microsoft. VS Code unaiweka kwenye laptopu yako kama kawaida, halafu inaingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuiamuru mashine ya mbali, na kujiwekea kiprogramu chake kwenye folda la ~/.vscode-server, kazi zinaendeshwa kule lakini dirisha unaloliona ni la laptopu yako. Codespaces ni ya GitHub, hapo seva huna kabisa, unapewa mashine iliyokwisha kusetiwa na unafungua kwenye brauza. Ya nne ni ya wazee wa kazi: SSH, tmux inayoshikilia terminali isife hata ukiondoka, na vim au nano, vieditori vya ndani ya terminali.

Una nini mkononi

Hapa ndipo ungeanzia wewe. Mwenzetu mmoja, tunamwita dogo maana ndiye mdogo kwetu sote, hana laptopu. Ana tableti ya Android na kibodi ya bluetooth aliyoinunua kwa hela ya likizo. VS Code ya kawaida haikai kwenye Android, kwa hiyo Remote-SSH kwake haipo, mjadala umekwisha. Kwake code-server ilikuwa kama kupewa kompyuta mpya: anafungua Chrome, anaandika paswedi, anakuta mradi ulivyoachwa jana usiku, anaweza hata kuiweka kama programu kwenye skrini ya tableti isionyeshe ile sehemu ya anwani juu, nafasi ikaongezeka. Ukimwona anavyofanya kazi huwezi kusema huyu hana kompyuta.

Mimi nina laptopu ya RAM GB 8. Kwangu Remote-SSH ni bora kuliko code-server, nasema wazi, kwa sababu njia za mkato za kibodi zinafanya kazi zote. Kwenye brauza ukibonyeza Ctrl na W ukidhani unafunga faili, unafunga tabo nzima, unabaki unaangalia ukurasa mwingine. Ukiiweka kama programu hilo linapungua, ila kwenye tabo ya kawaida utaumia mpaka uzoee. Kunakili na kubandika pia, brauza nyingine zinakataa kama anwani haina HTTPS.

Lakini mtu mwenye laptopu ya RAM GB 2 asidanganyike. Remote-SSH inapeleka kazi nzito kwenye seva, hiyo kweli, ila VS Code yenyewe bado inaendeshwa kwako na hailali njaa. Ukiwa na mashine kama hiyo, brauza moja yenye tabo moja ya code-server itakuwa nyepesi zaidi.

Mtandao ukikatika, au umeme

Wengi wanalinganisha spidi. Huku kwetu kinachoamua ni nini kinatokea mawasiliano yakikatika, maana yatakatika. Kigoma miaka mingi umeme wetu ulikuwa wa majenereta ya dizeli, sasa hali imebadilika sana lakini bado ukikatwa umeme minara nayo inayumba, na luku nayo huwa inaisha saa ambayo kila mtu ana kazi.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo likieleweka mengine yote yanakuwa mepesi. Kwenye code-server na Remote-SSH, herufi unazoandika kwenye faili haziendi kwenye seva ndipo zirudi uzione. Kieditori kiko kwako, herufi inatokea hapo hapo, kinachosafiri ni kusevu, mapendekezo ya kukamilisha maneno, na terminali. Kwenye vim kwa SSH ya kawaida kila herufi inasafiri kwenda na kurudi. Sasa piga hesabu: kutoka hapa mpaka seva iliyoko Frankfurt, Ujerumani, kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 6,000, mwanga ndani ya nyaya za fiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hata dunia ingekuwa nzuri namna gani huwezi kushuka chini ya milisekunde 60. Na waya haupiti mstari ulionyooka, unapita Dar, unazunguka baharini, kwa hiyo sisi ping yetu, yaani muda huo wa kwenda na kurudi, tunaiona kwenye milisekunde 180, 200, jioni 250. Kwenye vim hiyo utaisikia kwenye vidole, unaandika neno, linakuja nyuma yako. Kwenye brauza unaandika raha mustarehe. Watu wengi wanadhani brauza ndiyo nzito na terminali ndiyo nyepesi, ila kwa seva iliyo mbali kwenye kuandika ni kinyume chake.

Dawa ya vim ya mbali inaitwa mosh. Inatabiri herufi na kukuonyesha kabla seva haijajibu, na ukihama kutoka waifai kwenda bando la simu haikatiki, unaendelea tu. Inatumia UDP, poti 60000 mpaka 61000, kwa hiyo zifungue kwenye fayawoli usije ukasema haifanyi kazi.

Mtandao ukirudi, code-server na Remote-SSH zote zinajaribu kujiunga upya zenyewe, na mara nyingi unakuta terminali yako inaendelea ilipokuwa. Mara nyingi, sikusema mara zote. Halafu kwenye brauza kusevu kwenyewe kwa kawaida kumewashwa tayari, kunasevu sekunde moja hivi baada ya kuacha kuandika, wakati kwenye VS Code ya laptopu unawasha wewe mwenyewe. Washa leo.

Sasa kwa nini tmux. Kazi ndefu, mfano kuhamisha data au kujenga mradi mkubwa, usiiamini terminali ya kieditori, iweke ndani ya tmux, hata ukifunga kila kitu ukaenda kulala inaendelea. Ila kuna mtego hapa ulitupata na sijaona watu wanauongelea. Usiku mmoja saa nne hivi nilianzisha kazi ya kuhamisha rekodi za madeni za miaka miwili, niliianzisha ndani ya tmux, ila hiyo tmux yenyewe niliifungulia kwenye terminali ya code-server. Kazi inaendelea, nikaona nitumie muda kuapdeti code-server, nikairestati kwa systemctl. Kurudi, tmux haipo. Kazi imekufa katikati. Sababu ni kwamba systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux anayeamriwa kwa systemctl, ikisimamisha huduma inaua kila kilichozaliwa ndani ya huduma hiyo, na tmux ile ilizaliwa ndani ya code-server. Tangu siku hiyo tmux tunaianzisha kwa SSH kwanza, ndipo unaingia ndani yake kutoka kwenye code-server kwa tmux attach. Hapo restati mara kumi, haiguswi.

Bando

Kwenye bando code-server inashinda na inashinda mbali. Ukifungua mara ya kwanza brauza inashusha MB kadhaa, baada ya hapo inazihifadhi. Ukiapdeti, ukiweka ekstensheni, ukipiga npm install ya mamia ya MB, ni intaneti ya seva inayotumika, siyo yako. Remote-SSH vitu vya mradi navyo vinashuka kule kule, lakini VS Code ya kwenye laptopu ina apdeti zake, kila ikija moja unaingia gharama ya kama MB 100 ya bando lako, na toleo la laptopu likibadilika na seva nayo inashusha kiprogramu kipya ukijiunga, unakaa unasubiri. Mimi nimezima apdeti za kujiendesha, nafanya mwenyewe nikiwa kwenye waifai.

SSH na tmux bando lake ni dogo mno, ukibakiwa na MB 50 unafanya kazi siku nzima. Codespaces kwa bando ni kama code-server.

RAM ya seva, hapa ndipo watu wengi wanalia

Watengenezaji wa code-server wanasema angalau RAM GB 1 na core 2. Kuwaka itawaka. Lakini ukifungua mradi wa TypeScript, ukaongeza ESLint, ukawasha na seva ya majaribio, GB 1 imekwisha, na Linux ikiishiwa RAM inachagua programu ya kuua, mara nyingi inaua ile kubwa ambayo ndiyo unayoitumia. Unaona ujumbe wa kujiunga upya, unajiunga, inakufa tena, unalaumu mtandao bure. Ukishuku hivyo angalia dmesg utafute maneno Out of memory.

Na hapa Remote-SSH haikuokoi, wengi wanadhani itakuokoa. Zile ekstensheni za kusoma lugha zinaendeshwa kwenye seva kwa njia zote mbili, ulaji ni karibu ule ule. Ukiwa na GB 1 tu na huwezi kuongeza, kusema ukweli tmux na vim ndiyo yako, au weka swap ya GB 2, yaani sehemu ya disko inayosaidia RAM, na uvumilie. Tulianza na GB 1 yenye swap, tukateseka miezi mitatu, tukahamia GB 4. Kwa watu wawili wanaofanya kazi kwa pamoja naona GB 4 ndiyo pa kuanzia.

Kitu kingine kidogo, mradi wenye faili nyingi utakuambia imeshindwa kufuatilia mabadiliko ya faili. Ongeza fs.inotify.max_user_watches iwe 524288 na uliondoe folda la node_modules kwenye kufuatiliwa. Dakika tano imekwisha.

Matunzo, yaani kazi ya kila wiki

Hapa nikae kidogo, maana hapa ndipo code-server inapotofautiana na zote.

Kuiweka ni amri moja, unapakua skripti yao ya install.sh, unaiwasha kwa systemctl enable --now code-server@jina, tayari. Inasikiliza 127.0.0.1 poti 8080, paswedi imejiandikia yenyewe kwenye ~/.config/code-server/config.yaml. Mpaka hapo mtu anafurahi, anapiga picha anatuma kwa rafiki zake. Matunzo yanaanza kesho yake.

Unataka uifungue ukiwa popote, kwa hiyo unahitaji domeini, cheti cha HTTPS, na programu ya kupokea wageni mbele yake. Sisi tulianza na nginx, ukurasa ukafunguka halafu ukafa na namba 1006. Hiyo 1006 karibu kila mtu anakutana nayo, maana yake websocket, ile njia ya mawasiliano inayobaki wazi kati ya brauza na seva, haipiti, umesahau kupitisha vichwa vya Upgrade na Connection. Baadaye tukahamia Caddy, mistari mitatu tu, cheti cha Let's Encrypt inakitafuta na kukihuisha yenyewe. Vyeti hivyo vinaisha kila siku 90, ukiwa na nginx na certbot, programu ya kuchukua vyeti hivyo, hakikisha kuhuisha kunajiendesha, vinginevyo kuna asubuhi dogo atakupigia: kaka, mbona brauza inaniambia sehemu hii si salama?

Kuapdeti code-server ni kuendesha ile skripti tena na kurestati. Sisi tunafanya Ijumaa jioni wote tukijua. Disko nalo liangalieni, seva yetu siku moja iligoma kusevu faili, kila mtu akadhani ruhusa zimeharibika, kumbe picha za zamani za Docker, ile ya kuendesha programu ndani ya makontena, na logi zimejaza disko lote. df -h kwanza, mengine baadaye.

Remote-SSH upande wa matunzo ni karibu sifuri. SSH tayari unayo, hakuna domeini, hakuna cheti, hakuna paswedi ya brauza. Cha kuangalia ni lile folda la ~/.vscode-server lisivimbe, na mfumo wa seva usiwe wa zamani mno: tangu toleo 1.86 la mwanzoni mwa 2024 VS Code inataka glibc, maktaba ya msingi ya Linux, ya 2.28 kwenda juu, Ubuntu 18.04 ina 2.27, kwa hiyo waliokuwa na seva za zamani walifungiwa nje. Ukiwa na Ubuntu 20.04 kwenda mbele hilo halikuhusu.

Codespaces matunzo hayapo, wao wanafanya. tmux nayo, ukishaiandikia faili lake la mipangilio, miaka inapita hujaigusa.

Usalama

Mwenye kuingia kwenye code-server yako ana terminali yako. Asome hapo mara mbili kila anayetaka kuiweka hadharani. Haibi faili moja, anaishika seva. Kijana mmoja ninayemfahamu, si wa kundi letu, aliweka auth: none, yaani kuingia bila paswedi, kwa haraka akijua fayawoli ya ufw imefunga poti. Ila aliiwasha ndani ya Docker, na Docker ikifungua poti inapita pembeni ya ufw, ufw inakuonyesha imefungwa wakati dunia nzima inaingia. Asubuhi prosesa ya seva imefika asilimia mia, mtu anachimba sarafu za kidijitali kwa hela yake. Dawa ni kuandika 127.0.0.1:8080:8080 badala ya 8080:8080, na auth: none usiiandike kabisa.

code-server yenyewe inazuia kubahatisha paswedi, inaruhusu majaribio mawili kwa dakika na mengine 12 kwa saa, ni kinga nzuri ila paswedi ya 123456 haiokolewi na kinga yoyote. Usiiendeshe kama root. Na ina mtumiaji mmoja, wote mnaoijua paswedi mnakuwa mtu mmoja machoni pa seva, kwa hiyo mkiwa wanne kila mtu awe na akaunti yake ya Linux, code-server yake na poti yake. Sisi tulichanganya mwanzoni, komiti zote za git zikawa na jina langu, mtu akikosea naulizwa mimi.

Njia ninayoipenda kuliko zote za code-server ni kutoifungua hadharani hata kidogo. Unaiacha kwenye 127.0.0.1, halafu unachimba njia kwa SSH: ssh -N -L 8080:127.0.0.1:8080 jina@seva, unafungua localhost:8080 kwenye brauza. Hakuna domeini, hakuna cheti, na brauza inaihesabu localhost kuwa salama kwa hiyo kunakili na mengine yanafanya kazi. Dogo anafanya hivyo hivyo kwenye tableti kwa Termux, terminali ya Android. Nusu ya matunzo niliyoyataja juu inaondoka hapo. Kwenye kompyuta ya kuazima tu ndiyo inakuwa shida, maana hutaki kuacha ufunguo wako wa SSH kwa watu.

Halafu data za wateja. Madeni ya watu, majina na namba za simu, hizo ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeshaanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Kwenye mashine ya kuandikia kodi, iwe yako au ya Codespaces, weka data za kubuni. Yule mama ametuamini na daftari lake, daftari hilo halikai sehemu ambayo watu wanne wanajaribujaribu vitu.

Ekstensheni

Remote-SSH inatumia soko la Microsoft, kila kitu kipo. code-server hairuhusiwi kulitumia soko hilo kwa masharti ya Microsoft, inatumia soko jingine, Open VSX, inayosimamiwa na Eclipse Foundation. Nyingi utazikuta, ESLint, Prettier, Intelephense ya PHP. Utakayoikosa ukiwa mtu wa Python ni Pylance, tumia basedpyright, sisi hatujaona pengo la kutuumiza. Mtu wa C na C++ atumie clangd. Ila kama kazi yako inategemea ekstensheni moja maalumu ya Microsoft, angalia kwanza kabla hujahama, usije ukajenga nyumba nzima ndipo ukakumbuka mlango.

Bei

Seva ya GB 1 kwa kampuni nyingi ni kama dola 5 au 6 kwa mwezi, ukipanda RAM inapanda. Programu zenyewe, code-server, Remote-SSH, tmux, ni bure. Codespaces akaunti binafsi inapewa saa 120 za core kila mwezi bila kulipa, na GB 15 za kuhifadhi. Soma vizuri neno core hapo: mashine ndogo ina core 2, kwa hiyo ni saa 60 za kazi, siyo 120. Ukikaa dakika 30 bila kugusa inajizima, na ukiiacha siku 30 inafutwa pamoja na ambacho hujakipushi, yaani hujakituma GitHub. Kwa mwanafunzi anayefanya saa mbili kwa siku inatosha kabisa, na ndiyo ninayowapa wanaoanza. Kwa kazi ya kila siku ya saa nane utamaliza saa zako ndani ya wiki mbili hata hazijafika.

Na kulipia seva ya nje kunahitaji kadi inayokubali malipo ya mtandaoni. Weka tarehe ya malipo kwenye kalenda ya simu. Seva ikifungwa kwa deni la dola 6, kila kilichomo kinaweza kwenda.

Jumapili ile ya Mei

Jumapili tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu kwa pamoja, na Afrika Mashariki intaneti ikashuka vibaya, Tanzania tukiwa miongoni mwa walioumia. Sisi tulikuwa na kazi ya kumkabidhi mama Jumatatu. code-server haifunguki, Remote-SSH inazunguka, Codespaces haipo, SSH inakatika kabla ya kuuliza paswedi. Siku hiyo njia zote nne zililingana, hakuna iliyoshinda.

Kilichotuokoa ni kwamba mimi nilikuwa na nakala kamili ya mradi kwenye laptopu, nilivuta kwa git Jumamosi usiku, na PHP na hifadhidata ndogo vilikuwemo humo humo. Tukamalizia pale, tukampelekea kwenye laptopu yenyewe mkononi mpaka Kibirizi, akauona mfumo unafanya kazi, akasema nimeuona wanangu, mengine mtamalizia.

Kwa hiyo unapolinganisha hizi njia ongeza swali moja: siku seva haifikiki, unabaki na nini? Mwenye laptopu na Remote-SSH anageuka anafanya kazi kwenye laptopu hiyo hiyo kwa VS Code hiyo hiyo. Mwenye tableti na code-server anabaki na kioo. Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kuiweka Remote-SSH juu kwa anayeweza, kuliko hata zile njia za mkato za kibodi. Na kwa asiyeweza, apushi kila jioni na mwenzake mmoja mwenye laptopu avute, yaani nakala moja iwe Kigoma hii hii.

Tunavyofanya sasa

Hakuna sheria inayosema kundi zima litumie kitu kimoja. Seva yetu ni moja, GB 4. Mimi na mwenzangu mwingine tunaingia kwa Remote-SSH, dogo anaingia kwa code-server kupitia njia ya SSH, wa nne ni mtu wa vim, anaingia kwa mosh na hataki kusikia habari za brauza. Kila mtu ana akaunti yake na folda lake la mradi, tunakutana kwenye git. Mwanzoni tulijaribu kufungua folda moja wote, mimi nasevu, dogo naye anasevu faili lile lile kwa sekunde moja, kazi ya mmoja inafutika bila onyo la maana. Tukaacha. Folda moja moja, tawi moja moja la git, na kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni kabla ya apdeti, kila mtu anapushi, mimi navuta zote kwenye laptopu, ndipo naandika systemctl restart.